Samaki Tuliowafungulia Ijumaa Ile

Mpendwa mke mwenzangu, Mama Zaina,

Barua hii nimeianza mara tatu tangu asubuhi. Naandika mstari, nainuka, naenda kuuchungulia mto, narudi na miguu yenye matope. Simu yako haiingii tangu ulipovuka na Zaina kwenda kumuuguza mama yako upande wa Kongo, na wachukuzi wa mpakani Mpondwe ninaowatuma wanarudi na jibu lile lile: hawakujui. Basi naandika wazi, anayekufahamu akusomee.

Leo baada ya adhuhuri kuna mkutano wa kijiji kuhusu mto, na mimi nataka kuvunja kiapo chetu.

Unakumbuka nilivyokuja? Mtoto wa Kyondo, nimelelewa kwenye kahawa, samaki nikimjua aliyekauka tu. Nilipoletwa mke wa pili nilidhani utanimwagia maji ya moto. Ukanitia tenga mkononi, ukanivuta mpaka kwenye matete, pale mto Lhubiriha unapopunguza kasi. "Weye mutoto ya mulima, unaogopa samaki? Yenyewe ndiyo iko inakuogopa!" Tukainua tenga, visamaki vimejaa vinarukaruka. Tulivikausha, tukavitwanga, tukawakorogea watoto kwenye uji, wako na wangu bila kubagua. Maji yalikuwa safi, nikiviona vidole vya miguu yako chini kabisa.

Kisha mume wetu, na safari zake zisizoisha za malori, akarudi na mifuko ya maji yenye samaki wachanga wa kigeni. Akachimba bwawa kando ya mto, akamweka Muhindo alilinde. Sisi tukawalisha pumba kila asubuhi. Wakanenepa, magamba makubwa, sharubu mdomoni, kutwa wanafukua matope. Wewe uliwaita Wageni. Nikasema, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Ukacheka: "Hawa walikuja na jembe yao!"

Loo, laiti tungejisikiliza.

Alipotangaza mke wa tatu, hakutuuliza. Haya, dini inamruhusu. Lakini kusema karamu italiwa kwa samaki wetu, tuliowalisha kwa mikono hii? Damu ilinichemka, na yako ilichemka kuliko yangu. Ijumaa, wanaume walipokwenda msikitini, tulimtuma Muhindo aende mjini Bwera akanunue chumvi. Chumvi tulikuwa nayo. Ukashika jembe, nami nikashika langu. "Anaoa na samaki yetu? Aende aitafute ku mutoni!" Ukingo ukakatika, maji yakatoka kwa kishindo, Wageni wakaenda nayo, migongo juu. Tulicheka mpaka tukaketi chini. Tukabakiza mmoja, tukampika kwa mawese, tukamla nyuma ya jiko na kuapa: atakayesema, mwiba wa samaki huyu umkwame kooni.

Muhindo akarudi, chumvi mkononi. Mume wetu alikuwa anafoka kwamba mlinzi alilala, ukingo umebomoka. Maskini akasema, "Nilitumwa chumvi, mzee." Mume akatugeukia. Mimi ndiye niliyejibu, Mama Zaina, si wewe. Nilisema, "Chumvi tunayo, nani amtume?" Kisha nikaenda kuitoa, nikamwonyesha. Muhindo alifukuzwa siku ile ile.

Na harusi ilifanyika vilevile, kwa mbuzi.

Sasa njoo uone mto wako. Wageni wamezaana. Wanang'oa majani ya majini yale ambamo visamaki vyetu vilikuwa vinataga, na mayai yenyewe wanayala. Wanafukua kingo mpaka matete yanaanguka. Hata kiangazi maji ni matope matupu. Wapo wanaosema, mnalalamikia nini, samaki si huyo, tena mnene? Mnene, ndiyo! Mmoja mnene, na wengine wote wamekwisha. Wiki nzima nimezunguka na tenga sikupata hata kisamaki kimoja, vyura tu. Binti yangu ana mtoto anayeanza kula, ananiuliza, "Mama, vile visamaki vya uji viko wapi?" Najifanya sikusikia.

Muhindo tangu siku ile anaishi kwa kusuka mitego. Juzi vijana waliikata yote, wakimwambia, "Wewe si ndiye uliyelala bwawani, ukatuletea balaa?" Leo wanataka wampige marufuku asikanyage mtoni. Mtu mzima, kichwa kimejaa mvi! Nilipokutana naye njiani alinisalimu vizuri, akauliza habari za watoto. Afadhali angenitukana.

Naogopa. Mume wetu atakaa mbele, kama kawaida yake, na fimbo yake. Hasira zake unazijua, hazijapungua na uzee. Talaka kwa umri huu, nirudi Kyondo na sanduku kichwani, wifi zangu wanitazame? Nimeinuka tena, nimefagia uwanja uliokwisha fagiwa, nimekaa tena.

Nimekungoja miaka, kwa sababu kiapo cha wawili hakifunguliwi na mmoja. Sasa sikungoji tena. Nilitaka kusema nilikuwa peke yangu, nikukinge. Nimejaribu jikoni, kwa sauti, na nimeshindwa. Nikifika penye jembe nakuona wewe, nikifika penye kicheko nakusikia wewe. Nitasema tulikuwa wawili. Lakini penye chumvi nitasema mimi, maana pale nilikuwa mimi.

Nisamehe, dada. Nimekukosa kuliko nilivyowahi kumkosa mume wetu akiwa safarini, na sikukuambia ulipokuwa hapa. Ukikasirika, vuka mpaka uje unigombeze mbele ya watu, nitafurahi. Tenga lako bado limetundikwa jikoni, sijaruhusu mtu alishike.

Mwadhini ameanza. Nimepitia dukani asubuhi, nimenunua pakiti moja ya chumvi, iko hapa mezani karibu na karatasi hii. Nitaiweka mkononi mwa Muhindo mbele ya wote, kisha ndipo nitafungua mdomo.

Mdogo wako wa nyumba moja,
mke mwenzako