Siku Wifi Rochelle Alipobaki Mkavu

14 Mtaa wa Sycamore,
Pinder's Mill, Georgia.
7 Julai.

Mpendwa Dada Bernadine,

Nakusalimu kwa mapenzi yote, dada yangu. Hujambo huko Alaska? Magoti yanaendeleaje? Na shemeji, ameacha chumvi kama daktari alivyomwambia, au bado anaificha kwenye gari? Sisi huku tu wazima, ila joto linatukaanga. Mama hajambo, anakula, anagomba, na anataka kujua kwa nini siku hizi Jumapili hupigi simu.

Uliniuliza mitindo rahisi ya nywele kwa ajili ya wajukuu wako, maana mnawapeleka kwenye hoteli yenye bwawa la kuogelea. Nitakujibu, tena kwa kirefu, kwa sababu mitindo hiyohiyo ndiyo niliyomkomolea wifi yetu Rochelle juzi tarehe nne. Kaa vizuri, mimina chai yako.

Wewe ulihama kabla kaka yetu Thurman hajachimba lile bwawa nyuma ya nyumba yake, kwa hiyo hujaona mashauzi ya mkewe. Kila Julai nne tunaalikwa wote, na Rochelle ana sheria zake: wanawake wote tuje na magauni meupe na nywele zilizopigwa pasi zikalala, tupange mstari ukingoni mwa bwawa tupigwe picha ya familia. Majini wanaingia wanaume na watoto. Sisi tunakaa chini ya miavuli tukijipepea. Unatujua, mtu aliyenyoosha nywele Ijumaa yuko radhi ashike kaa la moto kuliko kurushiwa tone la maji Jumamosi.

Mwaka jana Zariah wangu aliingia majini kabla ya picha. Mtoto wa miaka kumi na mbili, joto lile, bwawa liko mbele yake, wewe ungefanya nini? Nywele nilizompiga pasi asubuhi nzima zikarudi zilivyoumbwa, zikajikunja zikashika kichwa. Alipotoka, Rochelle akasema mbele ya watu wote, "Huyu akasimame kule kwenye mapipa ya taka, atatuharibia picha. Hebu tazameni hicho kichwa, kama kimepigwa radi!" Na watu wakacheka, dada. Damu yetu wenyewe wakacheka.

Mimi nilikuwa jikoni nachanganya saladi ya viazi, sikusikia hata neno, nilisimuliwa baadaye. Nilimkuta mwanangu ndani ya gari, vioo vimefungwa, amejifunika taulo kichwani, analia bila sauti. Picha ikapigwa bila yeye na bila mimi, na mpaka leo imetundikwa sebuleni kwa Mama.

Tangu siku hiyo Zariah hakutia hata kidole cha mguu majini. Mtoto aliyejua kuogelea kabla hajang'oka meno! Alikuwa kwenye timu ya waogeleaji, na kocha wake, Bi Abernathy, alikuwa akiniambia ana miguu ya kwenda mbali. Kila siku ya mazoezi tumbo linamuuma. Mwishowe Bi Abernathy akanipigia, akasema nafasi yake ataishikilia mpaka mazoezi ya Julai yaanze, zaidi ya hapo hawezi. Nikawa naona kitu kizuri cha mwanangu kinazama mbele ya macho yangu, na aliyekizamisha anatutumia kadi za Krismasi zenye picha yake.

Nilimfuata Rochelle nikamwomba amtake radhi mtoto. Unajua alinijibu nini? "Jamani Lavonne, si utani tu huo! Mfundishe mtoto wako asiwe na roho nyepesi." Nikatabasamu, nikamwambia haya, wifi. Nikaenda nyumbani na fundo langu moyoni, na sikulifungua mwaka mzima.

Sasa sikiliza mitindo.

Nilianza na binamu yetu Loretta mwanzoni mwa Juni. Nilimuuliza mara ya mwisho kuingia majini ilikuwa lini. Akacheka, "Na nywele hizi? Mimi na maji tulishaachana." Nikamwambia akae hapo kibarazani, nikamsuka misokoto ya nyuzi mbilimbili, minene, bila nywele za bandia. Nikaikusanya yote utosini nikaifunga kwa kitambaa laini. Hiyo wafanyie wajukuu wenye nywele ndefu. Wakitoka majini unaiacha ikauke, kesho yake unaifumua na mtoto ana mawimbi ya bure kichwani.

Wale wadogo wasiotulia wagawe nywele katikati, kila upande mkia mmoja uliosukwa, basi. Na mtu mzima asiyetaka makuu msuke mistari minene ya twende kilioni, inyooke nyuma, uifunge pamoja kisogoni. Usivute sana pale kwenye paji la uso, utawaondolea nywele na watakulaani wakiwa wakubwa.

Na shika hili kabla ya yote: lowesha kichwa kwa maji ya bomba, paka mafuta mengi, ndiyo usuke. Nywele zikishashiba maji safi hazina nafasi ya kunywa dawa ya bwawani. Wengi wanakwenda vichwa vikavu, halafu wanashangaa nywele zinakatika kama tambi mbichi.

Basi wakaanza kuja mmoja mmoja kibarazani kwangu, mashangazi, mabinamu, mke wa mchungaji. Kila mmoja nilimsuka, nikamweleza nataka nini, nikamfunga kitambaa kichwani, nikamwapisha asimwambie Rochelle. Wale waliocheka mwaka jana niliwasuka wa mwisho, na niliwakaza kidogo. Wakasema inauma. Nikasema, pole.

Halafu Mama, aliyekuwa amekuja kushinda kwangu, akatoka ndani na kiti akakaa mbele yangu. Nikamwambia, "Mama, wewe huwezi maji." Akasema, "Nani kakwambia? Nilikuwa na miaka tisa walipolifukia bwawa la mji kwa udongo ili watoto weusi tusiingie. Nani angenifundisha baada ya hapo? Nisuke, na uache kunitazama hivyo." Nikamsuka twende kilioni, dada, mvi zile nyeupe.

Siku mbili kabla ya sherehe Rochelle akanipigia kunikumbusha gauni jeupe. Akaongeza, kwa ile sauti yake ya asali, kwamba nihakikishe mwaka huu kichwa cha Zariah kiko sawa. Nikamwambia asiwe na wasi, vichwa vyote vitakuwa sawa.

Weee! Ungekuwepo! Tulifika wote weupe kama malaika, vilemba vimetulia vichwani. Rochelle akadhani ni vya kuhifadhi nywele mpaka saa ya picha, akatusifu. Yeye nywele zake zilikuwa zimelala mpaka mabegani, zinang'aa, huwezi kumpita karibu. Thurman alikuwa kwenye jiko lake la mkaa anageuza mbavu za nguruwe. Mpiga picha amekodishwa, ameshaweka mashine yake. Rochelle akapiga makofi, "Mabibi, ukingoni! Vueni vitambaa!"

Tukavua. Akaona misokoto, akaona mistari, akaona mikia. Akasema, "Ni nini hiki?" Loretta akavua gauni, chini yake ana nguo ya kuogelea ya manjano, akaziba pua, akajitupa. Mke wa mchungaji akamfuata, chubwi! Halafu wote. Maji yakaruka mpaka kwenye meza ya keki. Wanaume wakaacha domino wakasimama. Mama tulimshusha ngazini mimi na Thurman, mmoja huku mmoja kule, na maji yalipomfika kiunoni akapiga ukelele wa msichana. Kaka yetu aliachia mbavu zikaungua na hakujali.

Rochelle akabaki ukingoni na mpiga picha wake. Nikamwita, "Wifi, mbona umesimama kama nguzo? Ingia!"

"Siwezi, Lavonne. Nywele zangu."

"Kwani zina nini?" Loretta akadakia. "Bwawa ni lako, dawa ya maji unanunua wewe, halafu unaogopa kulowa? Hili bwawa ulichimbiwa au ulichorewa?"

Watu walicheka, dada. Walicheka wale wale wa mwaka jana, kwa sauti ile ile, na mimi nikazama chini ya maji ili nicheke peke yangu. Nilipoibuka alikuwa anarudi nyuma, viatu vyeupe mkononi, asilowe. Hakuna wa kukaa naye chini ya miavuli, hakuna wa kumsifu nywele, hakuna wa kuteta naye. Mungu anisamehe. Au asubiri kwanza kunisamehe, bado sijamaliza kufurahi.

Lakini furaha hiyo ilikuwa nusu. Zariah hakuingia. Kichwa chake ndicho nilichokisuka vizuri kuliko vyote, mistari sita minene inayozunguka kama taji, na alikaa nacho kwenye kiti na gauni lake, mikono mapajani. Nilimwita, akatikisa kichwa. Nikamwita tena, Mama naye akamwita. Nikaanza kujiona mjinga. Familia nzima nimeitia majini, na yule mmoja niliyemfanyia yote haya yuko nchi kavu.

Rochelle akamwona. Akavuta kiti akakaa karibu naye, akamshika bega, akasema kwa sauti, ili tusikie wote, "Afadhali wewe mwanangu umekua na akili. Waache hao. Njoo tupige picha, wewe na mimi. Leo umependeza, leo kichwa ni kichwa."

Nikaanza kutoka majini. Sikuwa najua nitafanya nini, ila nilijua kitakuwa kibaya. Mama akanishika mkono akaning'ang'ania.

Zariah akapeleka mkono kisogoni, akafungua ncha ya mstari wa kwanza, akaanza kufumua. Alifumua mmoja, akaenda wa pili, polepole, na sisi wote tumesimama majini tunamtazama kama tuko kanisani. Kazi yangu ya asubuhi nzima! Nilitaka kumpigia kelele aache. Rochelle naye akawa anasema, "Unafanya nini? Zariah, unaharibu. Zariah!" Akamaliza wote. Akatia vidole kwenye mizizi akazitifua nywele mpaka zikasimama pande zote, kubwa, nyeusi. Akavua gauni, akalikunja, akampa Rochelle amshikie. Na Rochelle akalipokea!

Akajirusha. Hakufanya kishindo kama sisi, aliingia kama kisu kwenye siagi. Alikwenda chini kwa chini mpaka upande wa pili, akageuka, akarudi, miguu ile aliyoisema Bi Abernathy. Alipotoka nywele zilikuwa zimejikunja zimeshika kichwa, vilevile kama mwaka jana. Akatembea mpaka mbele ya Rochelle akasimama, anachuruzika maji.

Rochelle akamnyooshea taulo, akasema kwa sauti ndogo ambayo sijawahi kuisikia kwake, "Jifunike, mwanangu."

"Nijifunike nini, Anti?" akamuuliza.

Hakuwa na ukorofi, dada, alikuwa anauliza. Alingoja jibu. Rochelle akatutazama sisi huko majini kama vile kuna mmoja wetu atakayemsaidia, na hakuna aliyemsaidia. Zariah akageuka akarudi majini, na hakutoka mpaka chakula kilipoiva.

Rochelle amenipigia simu mara kadhaa tangu siku hiyo. Sijapokea. Thurman anasema mkewe anataka kuzungumza nami, anasema amelia. Alie. Mwanangu alilia ndani ya gari lililofungwa, na hakuna aliyempigia simu. Namwombea wifi yetu afya njema na maisha marefu, ili apate muda wa kutosha wa kukumbuka. Usije ukanipatanisha, dada, nakujua. Wakati ukifika nitapatana naye mwenyewe, na bado haujafika.

Nisalimie shemeji, mwambie chumvi itamuua. Wabusu wajukuu vichwani kabla hujawasuka na baada. Mama anakusalimu, anataka umtafutie nguo ya kuogelea ya rangi nyekundu, hii ya kuazima anasema ni ya bibi kizee. Loretta anakusalimu. Thurman anakusalimu, ingawa siku hizi anakula kwetu.

Zariah angekusalimu kwa mkono wake, lakini hayupo. Leo mazoezi yameanza. Nilimwita mapema nikiwa nimeshaandaa kitana na mafuta, nikamwambia aje nimsuke haraka haraka. Akasema hapana Mama, nitachelewa, akapita mbio na taulo shingoni, kichwa wazi, akauacha mlango haujafungwa.

Mungu akutunze huko kwenye baridi, akupe magoti mapya na usingizi mzuri.

Mdogo wako akupendaye siku zote,

Lavonne