Upande wa Kushoto

Kwako Baba,

Shikamoo. Barua hii ikukute umeketi, miguu umeinyoosha, na goti lile sumbufu limekupa nafuu. Mama naye mpe shikamoo yake sasa hivi, maana najua amesimama nyuma yako akitaka usome kwa sauti. Mwambie safari hii avumilie. Isome kwanza peke yako. Mimi ni mzima. Chakula nakula, usingizi napata, na baridi ya huku naikabili kwa sweta mbili, ile aliyonifumia Mama ikiwa juu kwa sababu ndiyo ya kuringia.

Uliniagiza nikuandikie mara tu nitakapomaliza siku yangu ya kwanza shuleni. Imekwisha saa tisa na nusu alasiri hii, nami bado niko darasani, viatu nimevivulia chini ya meza.

Nimepewa hisabati darasa la sita, watoto ishirini na wawili kutoka nchi kumi na nne. Kuita majina tu kulinitoa jasho. Nilijing'ata ulimi kabla sijafika nusu ya orodha, wakacheka, nikacheka nao. Chaki hakuna, Baba. Kuna ubao mweupe na kalamu za wino, na ukijisahau ukafuta kwa kiganja kama ulivyozoea wewe, unatoka hapo kama fundi rangi.

Lakini kilichonitisha ni meza. Nyumbani madawati yalikaa kwa safu, nami kwa miaka saba nilifundishia pembe moja tu, ukuta ukiwa kushoto kwangu na watoto wote kulia. Walimu wenzangu walinitania kwamba ile pembe nimeipanga na kodi nalipa. Huku meza zimetawanywa, watoto wanne wanne, na mwalimu anatakiwa azunguke katikati yao. Nilipofungua mlango nikaona mpangilio ule, nilisimama kizingitini nikizihesabu.

Kipindi cha pili nilikuwa nafundisha sehemu. Niliwagawia vipande vya karatasi wavikunje nusu, theluthi, sudusi. Nimeinama juu ya meza moja, mara nikahisi navutwa mkono wa sweta. Alikuwa kijana mmoja wa meza ile, mwenye meno ya mbele yaliyoachana. Akaniambia taratibu, “Mwalimu, yule amekuita mara nne. Anadhani umemchukia.”

Nikageuka. Kwenye meza ya kushoto kulikuwa na msichana mdogo wa umbo, naye mgeni siku hiyo hiyo kama mimi, karatasi ameifinyanga mkononi, kidevu kimemgusa kifua. Alikuwa na sura ya mtu aliyebisha hodi kwenye nyumba anayojua wenyewe wamo.

Visingizio ninavyo kapu zima, Baba. Nilikuwa nawaza, nilikuwa nahesabu, nilidhani unamwita mwenzako. Leo sikutoa hata kimoja. Nikapiga magoti mbele yake nikamwambia, “Sijakuchukia. Sikukusikia. Sikio langu la kushoto halisikii kabisa.”

Kisha yule wa meno akauliza kama linauma. Nikasema haliumi. Mwingine akataka kujua kama nikilalia sikio zima nasikia radi. Nikasema sisikii radi wala saa ya kuniamsha, ndiyo maana nachagua kwa uangalifu ubavu wa kulalia. Wakaangua kicheko. Yule msichana akainua uso, akauliza swali lake: je, tatu kwa sita na moja kwa mbili ni kitu kimoja? Nikamwambia ni kitu kimoja, na kwamba lilikuwa swali zuri kuliko yote ya asubuhi ile. Wakaamua wenyewe kwamba aliye kushoto kwangu atagonga meza mara mbili. Hadi kengele inalia, darasa lilikuwa karakana ya seremala.

Hofu ilinirudia wakati wa mapumziko. Kwenye fomu ya afya niliandika kwamba masikio yangu yote ni mazima. Usaili wenyewe ulifanyika kwa kompyuta, nimevaa vipokea sauti, nani angejua? Watoto wale wangefika nyumbani na habari hiyo hata kabla ya kuvua mabegi. Nikaona heri niende mwenyewe.

Mkuu wa shule ni mama mrefu mwenye miwani ya kuning'inia kwa kamba. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama, nikamwambia wazi kwamba nilidanganya. Moyoni nikaanza kufunga sanduku. Kisha akauliza kama kuna uongo mwingine kwenye fomu ile. Nikakiri kwamba kwenye uzito nilipunguza kilo nne. Alicheka hadi akavua miwani. Halafu akawa makini: akasema kudanganya ni kosa na atalitia kwenye faili langu, lakini sikio moja halimfukuzishi mtu kazi, na laiti ningesema mapema wangenipa chumba kisicho na kelele. Kesho nahamia kile cha mwisho wa korido, chenye zulia. Niliandika fomu upya mbele yake, kilo zote zikiwemo. Nilipotoka nilikaa kwenye ngazi nikacheka peke yangu.

Baba, najua unajiuliza sikio hilo lilikufa lini. Nimelificha miaka ishirini na moja, na wewe ndiye niliyekuficha zaidi.

Nilipokuwa darasa la tano, mwalimu wangu ukiwa wewe, siku moja ya mtihani kuna aliyenong'ona nyuma yangu ukadhani ni mimi. Ulinipiga kibao kimoja, kama ambavyo ungempiga mtoto wa mtu mwingine. Sikio likatoa usaha, kisha likanyamaza. Mama aliponiuliza nilisema ni maji ya kuogea. Usiku ule ule wa kibao niliwasikia chumbani, ukimwambia Mama kwamba umeshindwa kula kwa sababu umempiga mwanao mbele za watu. Nikaona mzigo huo unakutosha.

Sikujua kwamba nakutwisha mwingine. Ulipokuwa ukiniita nisiitike, ulisema mtoto huyu ana kiburi, bado ana kinyongo. Mwisho ukaacha kuniita, ukawa unamtuma kaka. Baba, sikuwa na kinyongo. Sikuwa nakusikia. Leo nilipoiona sura ya yule mtoto ndipo nikatambua wewe umekaa mlangoni pangu miaka mingapi. Nisamehe kwa hilo, nami la kibao nilishakusamehe kabla sijamaliza shule ya msingi.

Liko jambo moja naomba. Siku ya kuondoka, pale kwenye lango la wasafiri, ulinikumbatia ukaninong'oneza kitu. Ulininong'oneza kushoto. Niliitikia kwa kichwa, lakini sikupata hata neno moja, nikaogopa kukuomba urudie mbele ya watu. Tafadhali niandikie ulichosema.

Sasa mpe Mama barua asome. Atalia kidogo, mtengenezee chai. Kaka msalimie, na mkewe, na watoto wao wote hadi yule wa mgongoni. Majirani waambie mwalimu wao ameanza kazi na hakufukuzwa.

Ni mimi binti yako wa pili,
nikupendaye.