Mama Otto Haonekani Uwanjani

Duluth, Minnesota
Alhamisi, mwezi wa Agosti

Kwa mdogo wangu mpendwa Aune,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, goti limetulia, na shemeji Warren ameacha kupanda juu ya paa kama daktari alivyomsihi. Mimi sijambo. Musti naye hajambo, ingawa masikio yake ya mbwa mzee yanazidi kuwa mazito, au anajifanya tu ninapomwita.

Uliniuliza kwenye simu kwa nini nilisikika kama mtu aliyesimama mlangoni na koti begani. Nilikujibu kwamba ni usingizi. Si usingizi. Tangu masika sikai kitako. Nakunywa kahawa nimesimama, nasoma ukurasa mmoja wa gazeti, natoka nje, narudi, natoka tena. Ngoja nikueleze, nawe unistahimili, maana mtu aliyefundisha elimu ya udongo maisha yake yote hawezi kusimulia jambo bila kuanzia chini.

Unaukumbuka ule uwanja wa mbwa nyuma ya maktaba. Si mkubwa, na mtaa mzima unafuga mbwa. Kuanzia alfajiri hadi giza linapoingia, miguu minne minne inapita palepale. Udongo wetu mwekundu wa mfinyanzi ukikanyagwa hivyo unashindiliwa mpaka unakuwa kama sakafu: maji hayapenyi, hewa haipenyi, na mzizi hauna pa kwenda. Ongeza mkojo, nyasi zinaungua. Theluji ilipoyeyuka mwaka huu tope lilifika vifundoni, uzio wa upande wa chini ukalala, na mbwa mmoja akateguka mguu kwenye shimo. Manispaa wakasema watatoa mitambo na changarawe, lakini kazi ya mikono na matunzo ya baadaye yatakuwa juu yetu tunaoutumia. Tena tuamue wenyewe: kufunga nusu kwa nusu, au kufunga wote kwa msimu mzima.

Hapo lazima nikueleze desturi yetu. Pale uwanjani hatuitani majina. Jina la mbwa wa mwenzako unalijua siku ya kwanza. La mwenyewe hulijui, na kadiri miaka inavyokwenda ndivyo unavyoona haya kuuliza. Mimi ni Baba Musti. Yuko Baba Bruno, fundi wa mabomba, mtu wa mizaha. Na alikuwepo Mama Otto.

Mama Otto ni mwanamke wa rika langu, huvaa kofia nyekundu ya kufuma hata mwezi wa Juni. Otto wake alikuwa mbwa wa mbio, mrefu, mwembamba, wa kijivu. Miaka sita tumeuzunguka ule uzio pamoja kila asubuhi. Mimi nilikuwa nikieleza jambo fulani, yeye anakataa. Nilidhani hicho ndicho kiasi cha mazungumzo yetu.

Tulikutana maktaba kuamua. Mama Otto, ambaye kamwe hakuwahi kusema mbele za watu, alisimama.

“Fungeni nusu,” alisema. “Nyasi zitasubiri, Baba Musti. Wengine hatuwezi kusubiri.”

Nami nikasimama kumjibu. Nilieleza kwamba mkifunga nusu, mbwa wote watahamia nusu ya pili, nayo itakufa upesi maradufu, na mwakani mtarudi hapahapa. Nikachora mizizi ubaoni. Baba Bruno akaniambia, “Mwalimu, kengele imeshalia,” watu wakacheka, tukapiga kura. Upande wangu, wa kufunga wote, ulishinda bila shida. Mama Otto alichukua koti lake akatoka, hata kahawa hakunywa.

Kazi ilianza juma lililofuata. Tuliuchimbua ule udongo, tukazika mabomba ya kutolea maji, tukachanganya mchanga na mboji, tukasimamisha uzio mpya na kuwatengea mbwa wadogo upande wao. Penye malango, ambapo hakuna nyasi itakayostahimili, tulimwaga vipande vya mbao. Kisha mbegu. Mimi nilipewa kumwagilia jioni. Basi fikiria: mzee mmoja katikati ya uwanja mtupu, mpira wa maji mkononi, mbwa wake amefungwa nje ya uzio akilia kama ameonewa. Ningepaswa kuangalia mbegu. Niliangalia barabara.

Wengine walikuwa wakipita kuchungulia. Baba Bruno alipita kila siku kuniuliza kama nyasi zangu zimeshaanza kunisalimia. Mama Otto hakupita. Mwezi wa kwanza wa kufungwa uwanja nilijiambia kwamba amekasirika. Wa pili nilianza kumtafuta. Nilikwenda ufukweni mwa ziwa, nilikwenda kile kiwanja kingine cha juu mlimani, nikawauliza watu nisiowajua. Nilikwenda hata kwa daktari wa mifugo. Binti wa mapokezi alisema kwa adabu kwamba hawatoi habari za wateja, kisha akaniuliza ni mteja gani. Nikasema Mama Otto. Akaniuliza kama ningependa kukaa na kuletewa maji.

Ndipo nikafanya jambo ambalo mtu asiye wa uwanja wetu asingelifanya. Nilibandika tangazo kwenye uzio na pale kwenye duka la vyakula: “Namtafuta Otto, mbwa mrefu wa kijivu, mpole, ana doa jeupe kifuani. Mwenye habari ampigie Baba Musti.” Na namba yangu. Machoni pangu lilikuwa tangazo kamili. Kwetu ukishamtaja mbwa umeshamtaja mtu.

Simu haikupumzika. Mwanamke mmoja wa ng’ambo ya daraja alikuwa amemfungia mbwa wa kijivu kwenye banda la gari lake, akataka nimwimbie kwenye simu ili aone kama mbwa ataijua sauti yangu. Nilimwimbia. Bwana mwingine alinifikia mlangoni na mbwa mnene, mweusi, akasisitiza kwamba nikimwangalia vizuri juani ni wa kijivu.

Baba Bruno alilisoma tangazo akaja kusimama mbele yangu pale uwanjani. “Mzee, Musti huyo hapo nje anapiga kelele. Sasa huyu Otto uliyempoteza wewe ni wa nani?”

Nikamwambia simtafuti mbwa, namtafuta mama yake. Alicheka mpaka akaushika uzio. Akanishauri basi nimwite kwa jina lake, kama wafanyavyo watu wenye akili. Nikamuuliza jina lake nani. Kicheko kikaisha. Na yeye hakulijua.

Jumatatu simu ililia tena. Nilikuwa tayari nimeshachoka na mbwa wa kijivu.

“Otto hajapotea, Baba Musti.”

Niliijua sauti kabla sentensi haijaisha, na nadhani nilisema kitu cha kipumbavu kuhusu nyasi zilivyoota vizuri. Alinisubiri nimalize.

“Otto alikufa mwezi wa Mei.”

Alinieleza bila haraka. Saratani ya mfupa. Alikuwa ameambiwa tangu majira ya baridi kwamba Otto atafika masika na si zaidi. Mbwa wa namna ile huwezi kumwachia barabarani, akikimbia hasimami. Mahali pekee pa kumfungulia kamba palikuwa pale kwetu. Alichotaka ni Otto akimbie siku zile zilizobaki, hata kwenye kipande kidogo, hata kwenye tope.

Nilimuuliza kwa nini hakusema.

“Nilisema,” akajibu.

Kisha akanieleza kwamba aliliona tangazo akiwa kwenye foleni dukani. Alisoma, akaacha mkokoteni na mayai ndani yake, akatoka nje. “Nilisimama pale nikasoma kama vile yuko mahali,” alisema. “Kama vile mtu akitafuta vizuri atampata.”

Aune, nimelipindua jambo hili kila upande. Kuhusu udongo nilikuwa sahihi. Ukiniuliza leo nitakujibu vilevile, na nyasi zenyewe ni ushahidi. Lakini mtu alisimama akaniambia hawezi kusubiri, nami nikamchorea mizizi.

Nilimwambia uwanja unafunguliwa Jumamosi hii, aje. Akasema watu hawaendi uwanja wa mbwa bila mbwa. “Nikiingia pale mikono mitupu, mimi ni nani? Mama wa nani?”

Nilikuwa na maelezo, unanijua. Nikayameza. Nikamuuliza jina lake.

Akacheka, kicheko chenye machozi ndani. “Miaka sita,” akasema. “Miaka sita, huyu mwanamume.” Anaitwa Lorna Beaudry. Nikamwambia langu. Akasema siku zote alidhani mimi ni Harold, kwa kuwa nina sura ya Harold.

Sasa nifikie lile linalonifanya niandike badala ya kupiga simu, maana kwenye simu ungeniingilia kati. Sikumtafuta kwa ajili ya kazi ya uwanja. Sikumtafuta kumwomba radhi, maana sikujua kama kuna la kuombea radhi. Nilimtafuta kwa sababu asubuhi zangu bila yeye kunikatalia hazianzi. Mimi mzee wa miaka sabini na minne nimegundua hivyo nikiwa na mpira wa maji mkononi. Kwa hiyo sitahamia kwenu Oregon vuli hii kama tulivyopanga, wala baadaye. Najua umeshakipaka rangi kile chumba. Nisamehe, na mpe mtu mwingine mwenye haja nacho.

Kuhusu Jumamosi, Lorna hakukubali wala hakukataa. Alisema ataona. Nimeshakwenda kukagua lango mara tatu leo, na lango halina tatizo.

Msalimie sana Warren, mwambie ashuke huko juu. Wasalimie watoto na wajukuu wote. Salamu za Lorna sina za kukuletea, kwa kuwa hajui kwamba nina dada. Nitamwambia.

Ni mimi kaka yako akupendaye,
Reino