Mamba wa Kukanyagwa

Garsen, Jumatano, Mei 1998

Eti mamba unamkanyaga mgongoni, unavuka! Ndivyo Hawa wangu alivyonifundisha leo dukani kwa shemeji, kwenye ule mchezo wa televisheni wa kubonyeza vitufe.

Nilipopewa zamu, yule mtu wa mchezoni nikamsimamisha ukingoni, nikangoja mtumbwi. Muda ukaisha, akafa.

Hawa akacheka mpaka akakaa chini. "Mama, ruka tu! Ukifa una maisha mengine mawili."

Mawili! Mimi haya niliyonayo yamenichosha.

Nilicheka pia, lakini kesho alikuwa aende kuteka maji mtoni, kwenye mamba wa kweli, na miaka yake ni saba. Nimemnyang'anya ndoo, nitakwenda mwenyewe. Amelala amenuna.

Na anune. Mradi nikirudi na maji nimkute bado amenuna.