Chembe ya Mwanga Imenikataza Kuolewa

Mpendwa mshauri, naomba msaada kabla sijabonyeza tena. Mimi ni fundi wa maabara ya fizikia chuoni, harusi yangu ni Jumamosi ijayo, na bwana harusi ni mhadhiri wa ghorofa ya juu ambaye wanafunzi wanamwita Saa ya Ukutani kwa sababu hajawahi kuchelewa hata dakika moja, na nampenda jamani, nampenda mpaka nacheka peke yangu nikifuta vioo, lakini wiki iliyopita tulipokuwa tunakunja kadi za mwaliko akaniambia kwa sauti tamu, "Mpenzi, Mungu alipoumba ulimwengu alishapanga yote, hata mimi kukuoa wewe kulikuwemo tangu siku ya kwanza," nami badala ya kuyeyuka nikapandwa na hasira, nikamwambia, "Kwa hiyo hukunichagua? Umeletewa tu kama kifurushi?" kwa maana kila siku mezani kwangu naona chembe moja ya mwanga ikifika kwenye kioo, ama inapita ama inarudi, na hakuna ajuaye kitakachoiamulia, na mimi naamini Mungu ndivyo anavyopenda, ameacha nafasi ili vitu vishangaze, naye akasema, "Basi mimi umeniokota kwa bahati nasibu?" akaondoka, kadi kumi na tisa hazijakunjwa.

Mama nilipomweleza alishika kichwa. "Mwanangu, mmegombana kwa ajili ya kitu ambacho hata hakionekani?"

Sasa ngoja nikiri. Jumanne wenzangu walipokwenda kula nilifunga mlango, nikawasha mtambo, nikasema, Mungu wangu, hapa hakuna mkono wa mtu, chembe ikipita iwake taa ya kijani niolewe, ikirudi iwake nyekundu nivunje, nikabonyeza mara moja, ikawaka nyekundu. Nilikaa sakafuni na koti langu jeupe. Tangu hapo sipokei simu zake, naye kila asubuhi mvua ikinyesha anapita kwangu kuniachia mwavuli wake mlangoni bila kubisha hodi, jioni nautundika nje auchukue, na wanafunzi wanasema siku hizi anafika darasani amelowa, tena amechelewa, na kidole kinaniwasha, maana sote tunajua kipimo kimoja si kipimo. Nirudie mara elfu?

Fundi Mwenye Kiwewe

Fundi, mwanangu, nimecheka mpaka nikamwagia barua yako chai, na sasa nimekasirika. Ukibonyeza mara elfu utapata kijani kama mia tano na nyekundu kama mia tano. Utaolewa kuanzia kiunoni kwenda juu? Katika jengo zima umekwenda kumuomba ushauri mmoja tu asiyekuwa na maoni!

Na Mungu usimsingizie. Wanasayansi wakubwa kuliko nyinyi wawili wamebishana kama anacheza dadu au hachezi, wamezeeka na ubishi wao, na jioni walirudi nyumbani wakala. Mume wangu ni fundi viatu. Yeye anasema niliandikwa kwenye paji la uso wake. Mimi nasema nilimchagua mwenyewe, kwa kicheko chake. Miaka thelathini hatujaafikiana, na viatu vyangu havijawahi kutoboka.

Ila kidonda chako nimekiona. Unataka kuchaguliwa, na hiyo ni haki yako. Lakini barua yako mwenyewe umeisoma? Saa ya Ukutani imechelewa! Mtu ambaye hajapoteza dakika moja tangu uanze kumjua anazunguka kwenye mvua, anakuachia mwavuli, anakwenda kuchekwa na wanafunzi akiwa chapachapa. Kama ilipangwa tangu siku ya kwanza, basi ilipangwa vizuri. Kama haikupangwa, basi huyo anakuchagua upya kila asubuhi. Wewe unakaa ndani unahesabu taa. Aibu!

Zima mtambo. Leo hii panda ghorofani, mrudishie mwavuli, muulize kwa mdomo wako, "Unanitaka?" Akijibu, usimwambie arudie ili upate wastani. Kisha kaeni mkunje zile kadi kumi na tisa, na ya ishirini mniletee mimi.