Miguu Isiyochoka

Nyumbani, chumba cha nyuma,
Jumapili, baada ya chakula cha mchana.

Mpendwa Kaka,

Pokea salamu zetu sote. Natumaini hujambo, na ule mgongo uliokuwa ukikusumbua sasa umetulia. Wifi hajambo? Na wanangu, wanasoma au wanashinda kwenye simu tu? Sisi huku tunapumua. Mama anatembea mwenyewe mpaka mlangoni na kumsema kila anayepita, kwa hiyo ujue ni mzima.

Najua umezoea barua zangu za umbea. Hii si ya umbea. Kama uko kazini, ikunje ukaisomee nyumbani, tena uwe umekaa. Kwenye simu nimeshindwa kuyasema, maana Mama hakai mbali na masikio yake hayajazeeka hata kidogo. Barua hii nampa jirani anayesafiri kesho kuja huko kwako.

Ni habari ya mdogo wetu, Kijiti. Ulisikia kuwa kwenye mbio za baiskeli, siku ya mlima, alikuwa wa tatu, ukampigia Mama, na Mama akatangazia mtaa mzima. Ulisikia pia kulikuwa na ajali na Ukuta akaumia. Hiyo nafasi yake ya tatu na hiyo ajali ni kitu kimoja, Kaka. Nataka uyajue kutoka kwangu.

Kama umemsahau Ukuta, ni yule mwenzake Kijiti kwenye timu, mwenye mabega mapana, aliyekuja kwenye harusi ya binamu akaifuta sufuria peke yake. Jina hilo alipewa kwa sababu kazi yake ni kukaa mbele na kuukata upepo, Kijiti ajifiche nyuma yake asichoke. Miaka yote hiyo hajashinda chochote cha kwake mwenyewe, na sijamsikia akinung'unika. Akifika mwisho huuliza kwanza Kijiti amekuwa wa ngapi, ndipo anaomba maji.

Ile barabara ya mlimani niliipanda nikiwa kwenye gari la timu. Kwanza ni mwinuko mrefu usiokupa nafasi ya kuvuta pumzi, lami imeliwa, kokoto zimejaa pembeni. Kileleni ni ukungu na baridi. Hapo waendeshaji hupewa magazeti ya zamani wakayasokomeza kifuani chini ya jezi, ili upepo wa kushuka usiwapige moja kwa moja. Halafu mteremko unaanza, kona baada ya kona, huku jabali, huku kingo ya mawe isiyofika hata gotini, na baada yake hakuna kitu. Siku hiyo mvua ilikuwa imenyesha. Tairi zao ni nyembamba kama kidole, na zile rimu mpya wanazozisifia wepesi, zikilowa, breki hushika zinapojisikia.

Ukuta na Kijiti walishuka wakiwa sambamba. Kwenye kona moja wakagongana. Kijiti aliburuzika kwenye lami, akachubuka kiwiko, akapewa baiskeli ya akiba, akaendelea mpaka mwisho. Ukuta alirushwa kule chini.

Kazi yangu unaijua. Mbio zikiisha, wao hulala kwenye meza yangu nami nawakanda. Mtu akiupanda mlima ule, mapaja yake huwa magumu kama mbao, na mashavu ya miguu hurukaruka yenyewe chini ya vidole vyako, hata alale usingizi. Jioni ile nilimkanda Kijiti huku nikimlilia Ukuta, kwa hiyo ilinichukua muda kutambua nilichoshika. Miguu ilikuwa laini. Ilikuwa miguu ya mtu aliyeshinda nyumbani amekaa kwenye kochi.

Nikamuuliza amepandaje. Mimi nilidhani ni dawa, maana hizo ndizo tulizozoea kuziogopa, nikamwambia kama amejidunga kitu aseme sasa hivi. Akanijibu uso ukiwa ndani ya taulo, "Dada, si sindano. Imo ndani ya baiskeli."

Ni mota ndogo, Kaka, inaingia ndani ya bomba la fremu, lile linaloshika kiti, nayo huzungusha pedeli. Kitufe chake kimefichwa chini ya utepe wa usukani, ukikibonyeza hakuna anayekuona. Bosi wa timu ndiye aliyeleta wazo, fundi wake akaitia, na mdogo wetu akakubali. Siku moja niliisogeza baiskeli hiyo pale ukumbini nikaiona nzito kuliko ile ya zamani. Akaninyang'anya huku anacheka, akasema nimeanza kuzeeka. Ukuta hakujua lolote. Alikuwa akijiua mbele kwa ajili ya mtu anayesukumwa na betri.

Pale kileleni Kijiti aliachia usukani ili atie gazeti kifuani na kufunga zipu. Vidole vilikuwa vimekufa ganzi, akahangaika na ile zipu, akasahau kuzima mota. Sasa, mtu akikata kona kwa kasi huacha kukanyaga, na mguu wa upande wa ndani huuinua, la sivyo pedeli itagonga chini baiskeli ikilala. Yeye aliuinua. Mota ikaushusha. Pedeli ikapiga lami, baiskeli ikaruka pembeni na kumzoa Ukuta.

Wakaguzi walipitisha kifaa chao kwenye baiskeli aliyomalizia, wakaikuta safi, kwa sababu ilikuwa ile ya akiba. Ile nyingine ilipakiwa kwenye gari la timu kabla hata Ukuta hajapakiwa kwenye gari la wagonjwa. Sijui iko wapi sasa, na fundi akiniona hugeukia upande mwingine.

Baadaye kamati ya mbio ilimwita Kijiti kama shahidi. Akawaambia kuwa Ukuta aliingia kwenye kona kwa pupa na kumpitia. Wakaandika kosa ni la Ukuta. Magazeti yamemwita mzembe, na timu imeshampa mtu mwingine nafasi yake. Kijiti aliporudi kutoka huko aliniambia eti hakuwa na la kufanya. Nilitamani kumzaba kofi, Kaka, na ukubwa wake wote ule.

Juzi nilimlazimisha twende wote hospitali. Nilijidanganya kuwa akimwona mwenzake kwa macho atapasua jipu. Tulimkuta Ukuta amelala chali. Kuanzia kiunoni kwenda chini hasikii kitu. Mke wake alikuwa anamkata kucha za miguu, naye anatazama kana kwamba ni miguu ya mtu mwingine. Mimi kwa mazoea nilimshika mguu nianze kumkanda, kisha nikaurudisha taratibu mahali pake na kuuliza habari za chakula cha hospitali.

Ajali yenyewe Ukuta haikumbuki. Anajua tu yale aliyosomewa. Alipomwona Kijiti alianza kulia, mwanamume yule mzima, akamwambia, "Ndugu yangu, nisamehe. Kidogo tu ningekuua. Sijui pupa ile ilinitoka wapi." Mke wake naye akaweka mkasi chini, akasimama, akaomba msamaha kwa niaba ya mume wake.

Nikamtazama Kijiti. Nilijua sasa hana pa kukimbilia. Akamshika Ukuta mkono, akamwambia, "Yameisha hayo. Mimi nimeshakusamehe."

Ukuta akamshukuru. Tulirudi nyumbani kwa miguu, kila mtu na upande wake wa barabara.

Kijiti anasema akifungua mdomo atafungiwa maisha yake yote. Anasema Mama atakufa kwa aibu. Anasema hata akisema, Ukuta hatasimama. Yote ni kweli, na hilo ndilo linalonitia hasira zaidi, maana ameyapanga vizuri kama wakili. Lakini yule mtu amelala pale akiamini kuwa amejivunja mwenyewe na nusura amuue rafiki yake. Miguu hatarudishiwa. Huo mzigo mwingine unaweza kuondolewa, na anayeweza kuuondoa anakula na sisi meza moja.

Nimemwambia asiposema mpaka Ijumaa, nitakwenda mwenyewe, kwanza kwa Ukuta na mke wake, halafu kwa kamati. Alicheka kidogo, kisha akaona mimi sicheki. Tangu hapo hagusi chakula ninachopika, na Mama anadhani tumegombania bafu.

Najua kamati inaweza isiniamini. Baiskeli haipo, na mimi nina mikono yangu tu ya kutolea ushahidi. Kazi nitaipoteza, hilo nimeshalimeza. Ila Ukuta na mke wake wataniamini, kwa sababu wananijua.

Wewe ndiye uliyemlea Kijiti, baba alipotuacha, na mpaka leo akisikia sauti yako hukaa vizuri kwenye kiti. Barua ikikufikia mapema, mpigie simu. Usimgombeze. Mwambie tu avae viatu aende. Ikikufikia Ijumaa imepita, basi jua kuwa limeshafanyika. Sikuandikii ili unizuie, Kaka. Nakuandikia kwa sababu utasikia kwa watu kuwa dada yake mwenyewe ndiye aliyemmaliza. Usibishane nao. Watakuwa wanasema kweli.

Msalimie sana wifi, na uwakumbatie wanangu kwa niaba ya shangazi yao. Binamu na mume wake wanakusalimu. Kijiti hajakutumia salamu, hajui kuwa nakuandikia. Mama anakusalimu zaidi ya wote na anauliza kama umeiona picha ya Kijiti gazetini, siku ile ya mlima. Ameikata vizuri na ameniagiza nimtafutie kioo cha kuiwekea, aitundike juu ya kitanda chake. Ananikumbusha kila asubuhi. Nimemwambia asubiri Ijumaa ipite.

Mwenyezi Mungu akulinde ugenini, na sisi atujalie kuendelea kuitana ndugu.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye na kukuhitaji,
Mkandaji.