Mirashi Miwili Myekundu ya Mama

Jumatatu, 2 Februari

Pemba nzima, kuanzia Makangale hadi Kengeja, hakuna mtu anayejua vyombo vya kale kama miye. Wakubwa wa Unguja wangekuja kuniuliza, ila hawajui njia ya kufika Ole. Nimesoma mpaka darasa la nne tu. Baada ya hapo mwalimu hakuwa na jipya la kunifundisha.

Nimekunywa chai. Nimemfunga ng'ombe. Nimefungua kabati la marehemu mama. Ni mali ya dada Mize. Shehe alipogawa mirathi, miye nilipata mikarafuu na saa ya ukutani ya baba, Mize akapata kabati na vilivyomo. Ameniomba nimuuzie vilivyomo apate bati. Chumba chake kinavuja mpaka kitandani. Masika yaliyopita alilala na sufuria miguuni. Nimeshasema barazani mbele ya watu: dada yangu hataingia Ramadhani chini ya bati bovu. Nimesema, basi itakuwa.

Cha thamani mle ni mirashi miwili, ile ya kunyunyizia watu marashi maulidini na harusini. Kioo chekundu, shingo ndefu, maua madogo ya dhahabu. Sultani alimpa babu, siku babu alipomwangusha fahali kwa mkono mmoja kwenye mchezo wa ng'ombe. Mize anasema babu aliinunua dukani Wete alipouza karafuu. Hajui historia.

Nimeutoa mmoja uani niutazame juani. Vumbi tele. Nikaushughulikia kidogo.

Jumanne, 3 Februari

Zuwena, binti wa Mize, mwalimu wa skuli, amempelekea Mzee Kanji picha ya mrashi mmoja kwa simu, akamwambia iko miwili. Mzee Kanji ananunua vya kale pale Chake Chake. Jibu likaja hapo hapo, Zuwena akasoma kwa sauti: vileteni vyote viwili kama vilivyo, msisugue, hata kuosha msioshe, dhahabu ya juu hutoka.

Kisha akautoa ule wa pili kabatini.

"Mjomba, huu mbona hauna maua?"

Nikamwambia ni watu wa Kengeja. Bi Salama, binamu yetu, aliuazima mwaka juzi kwa harusi ya binti yake mkubwa. Wale huosha kila kitu kwa majivu.

"Kama masufuria?"

"Kama masufuria."

Mize alikuwa mlangoni. Alisikia, akauchukua mrashi, akaurudisha kabatini. Sikupenda alivyolifunga kabati.

Nikatoka kumpa ng'ombe majani.

Alhamisi, 5 Februari

Chake. Mirashi nimeifunga kwa kanga za mama, nikaipakata njia nzima.

Mzee Kanji alivaa miwani, akauinua mmoja dirishani, akaugongagonga kwa ukucha akiusikiliza. Akaugeuza. Chini pana kovu, pale fundi alipobandua fimbo ya chuma ya kushikia kioo cha moto. Akafurahi. Kazi ya pumzi ya mtu, akasema, si ya mashine. Nami nilikuwa najua, ila sikutaka kumkatiza.

Nikamweleza habari ya Sultani. Akacheka mpaka akavua miwani.

"Bwana Hamadi, kila mtu Pemba ananiletea zawadi ya Sultani. Huyo Sultani nyumbani kwake alibaki na nini?"

Akauchukua wa pili. Hakucheka tena. Akapitisha kidole kwenye mkunjo wa shingo, kikatoka na majivu. Akaninyooshea kile kidole. Nikasema Kengeja. Akasema majivu haya mabichi.

Mirashi yote miwili ingekuwa mizima, bei yake ingeezeka chumba chote. Bei ya mmoja inatosha nusu ya bati tu. Huu uliochubuka hautaki kabisa. Nimeuza wenye maua. Uliobaki nimerudi nao.

Nusu ya bati. Nusu ya kitanda ikauke, nusu ilowe?

Ijumaa, 6 Februari

Baada ya sala, barazani: "Hamadi, bati zimekuja, au Sultani bado anazichagua?" Wakacheka wote. Nikasema zimo njiani.

Alasiri akaja Bi Salama. Anamwoza binti yake wa pili Jumamosi ijayo, anaomba mrashi. Mize akamwambia hampi. Akamwambia mliusugua kwa majivu, chombo cha watu mkakigeuza sufuria.

"Wallahi Mize, hatukuutia hata maji! Tuliupangusa kwa kanga tukaurejesha."

Alitoka hakumaliza chai. Alikuwa analia. Mama na mama yake walinyonya ziwa moja.

Miye nilikuwa nyuma ya jiko. Nilikuwa na kazi na ng'ombe.

Jumapili, 8 Februari

Sina raha.

Nimeitazama saa ya baba kutwa. Haiendi miaka mingi, imesimama saa kumi na dakika tano. Lakini nikikaa chini yake maneno yangu huwa na uzito. Hata mashehe hunisikiliza.

Nimeiteremsha. Ukutani pamebaki mraba mweupe.

Jumatatu, 9 Februari

Mzee Kanji aliifungua mgongo. Ndani kutu tupu. Kasha, akasema, ni mbao nzuri, na kioo chake cha mbele ni cha asili. Nikafungua kinywa nimweleze ilikotoka. Nikakifunga. Akaichukua.

Bati zote zimetimia, na misumari. Nimerudi nazo kwenye gari la abiria. Barazani walisimama kutazama. Sikusema kitu. Naam, nilisema kidogo.

Alhamisi, 12 Februari

Tumeezeka. Nimepigilia bati zote peke yangu, fundi alikuwa akinishikia ngazi. Zuwena anasema nimepigilia tatu.

Mize akaniletea chai chini ya ngazi. Akautazama ukingo mpya wa bati, akanitazama miye.

"Hamadi, weye hujaosha hata kikombe chako tangu uzaliwe. Ukaona uanze na ule?"

Nikajifanya sikusikia kwa ajili ya nyundo. Fundi alikuwa amekaa, anakunywa chai.

Jumamosi, 14 Februari

Manyunyu asubuhi. Chumba cha Mize kikavu. Sufuria amelirudisha jikoni.

Nimemwomba mrashi. Akaujaza marashi yeye mwenyewe, akanipa, hakuuliza naupeleka wapi.

Nimeufikisha Kengeja kabla ya nikaha. Nikamwambia Bi Salama: makosa hayakuwa yenu, Mize anakuomba radhi. Akauliza, ya nani basi? Maharusi wakawa wanaitwa. Nikashukuru. Nikaona mrashi ukipita safu hadi safu, mwekundu mtupu, unanyunyizia watu kama kawaida. Hakuna aliyeuliza maua.

Nimerudi. Nimekaa chini ya mraba mweupe.

Niliusugua miye. Majivu, ndimu na kumbi la nazi, uani, Jumatatu. Na nilipomaliza niliuinua juani, nikasema peke yangu: Pemba nzima hakuna anayejua kuosha vyombo kama miye.